Oka Moja Kwanza: Biskuti za Nyumbani kwa Familia Yako

Bibi yangu mzaa mama aliokea biskuti uani, Tanga, juu ya jiko la mkaa. Hakuwa na oveni wala mizani, na saa ya nyumba ilikuwa sebuleni, mbali na kigoda chake. Alikuwa na sufuria nzito, mchanga mkavu uliochekechwa, mfuniko wa bati ulio bapa, na utaratibu mmoja ambao sikuwahi kumwona akiuvunja. Kabla ya kupanga biskuti za sinia zima, alimega kidonge kimoja cha unga uliokandwa, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakioka peke yake. Alikiita kinyunya.

Sisi wajukuu tulichuchumaa kando ya jiko tukikisubiri, maana kinyunya kilikuwa chetu. Kilipoiva, Bibi alikiweka kwenye kawa hadi kipoe. Kisha alikivunja katikati, akakitazama ndani, akaonja kichembe, na kilichobaki akatugawia. Hapo ndipo alipotoa hukumu yake. "Mjukuu wangu, niongezee unga gao moja." Au siku nyingine: "Moto wa chini umezidi. Toa makaa mawili."

Leo ninaokea Dar es Salaam, kwenye oveni ya gesi, nikiwa na mizani na saa yenye kengele. Bado ninaoka kinyunya. Miaka yote hii imenithibitishia kwamba biskuti za nyumbani haziharibiki kwa kukosa vifaa vya bei ghali. Huharibika kwa sababu mtu ameipanga trei nzima, au trei tatu, kabla hajaiuliza ile moja ya kwanza ina hali gani. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokueleza yatakuwa mepesi, na familia yako itakula biskuti nzuri hata kama unapikia jiko la mkaa.

Kwa nini ujisumbue, na duka liko jirani?

Sababu ya kwanza ni kwamba unajua ulichotia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari tunayoongeza katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na kwa mtoto ni pungufu zaidi. Kwa kipimo nitakachokupa hapa chini, gramu 100 za sukari hutoa biskuti 26 hivi, kwa hiyo kila moja ina gramu 4 tu. Mtoto akila mbili na chai isiyo tamu sana, unajua hesabu yako imesimama wapi.

Sababu ya pili ni nyumba yenyewe. Harufu ya siagi na iliki inapotoka jikoni, kila mtu hupata sababu ya kupita hapo. Mtoto aliyejifungia chumbani hutoka. Baba aliyeshika simu huiweka kando akauliza kama chai iko tayari. Biskuti huwakusanya watu kabla hata hazijaiva.

Yajue mambo manne

Biskuti ni unga, mafuta, sukari na moto. Yai, viungo na vinginevyo ni nyongeza. Ukielewa kazi ya kila kimoja kati ya hivi vinne, hutakuwa mtumwa wa vipimo vya mtu mwingine.

Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hujenga nyuzi zinazovutika. Nyuzi hizo ndizo tunazozitaka kwenye chapati na maandazi, lakini kwenye biskuti ni adui. Kadiri unavyokanda ndivyo biskuti inavyokuwa ngumu. Kwa hiyo unga ukishaingia, changanya kwa ncha za vidole mpaka ushikamane, kisha acha. Usiutendee kama unga wa chapati. Unapoupima kwa kikombe, uchote kwa kijiko, ujaze kikombe bila kuushindilia, ukate juu kwa mgongo wa kisu. Kikombe cha mililita 250 kilichojazwa hivyo hubeba gramu 125 hivi. Ukishindilia, unaweza kuongeza gramu 30 bila kujua, na biskuti itakuwa kavu huku ukiilaumu oveni.

Mafuta ndiyo yanayoifanya biskuti imung'unyike mdomoni. Siagi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu. Ndiyo maana huwezi kubadilisha moja kwa nyingine gramu kwa gramu: palipoandikwa siagi gramu 250, samli gramu 200 zinatosha. Ukitumia majarini, soma kibandiko cha mkebe. Zile nyepesi za kupaka mkate huwa na maji mengi, na biskuti zake hutanda au hukakamaa. Chagua yenye mafuta yanayokaribia asilimia 80.

Kwa sisi wa mwambao, jambo kubwa zaidi kuhusu siagi ni joto. Siagi huyeyuka ikifika nyuzijoto 32 hadi 35, na mwezi wa Februari jikoni Mombasa au Dar es Salaam huwa pamekaribia hapo kabla hujawasha moto. Unayoitaka ni siagi laini inayobonyea kwa kidole na bado ina umbo lake. Ikiwa imegeuka mafuta yanayong'aa, irudishe kwenye friji kwanza. Aliyeko Nairobi, Arusha au Mbeya ana shida ya kinyume. Siagi yake ni ngumu kama sabuni, basi aitoe nje saa nzima kabla.

Sukari haileti utamu peke yake. Huyeyuka kwenye moto, ikaifanya biskuti itande na ipate rangi. Ukiipunguza sana, biskuti hubaki nyeupe na nene. Sukari nyingi ya madukani kwetu ina chembe nene, na katika unga wa biskuti, ambao hauna maji mengi, chembe hizo haziyeyuki zote. Isage kwenye brenda kwa nusu dakika, au itwange kidogo kwenye kinu. Hatua hii ndogo hubadilisha biskuti kuliko kiungo chochote cha bei ghali.

Moto wa biskuti ni wa wastani, nyuzi 160 hadi 180. Washa oveni dakika 15 kabla, na usiifungue kila dakika kuchungulia. Oveni nyingi za gesi tulizonazo majumbani hazina kipimo cha kuaminika. Njia ya zamani ni kunyunyiza unga mkavu kijiko kimoja kwenye trei tupu na kuiingiza. Unga ukigeuka rangi ya kahawia hafifu kwa dakika kama 5, moto unafaa. Ukigeuka kabla ya dakika 3, ni mkali. Ukibaki mweupe, subiri.

Biskuti ya msingi

Anza na hii, na uizoee kabla ya kuhamia nyingine. Utahitaji unga wa ngano gramu 250, yaani vikombe 2, siagi gramu 125, nusu ya paketi ya gramu 250, sukari iliyosagwa gramu 100, kama nusu kikombe, yai 1, beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, na punje za iliki 6 au 7.

Menya iliki, utwange mbegu zake pamoja na kijiko kimoja cha sukari kutoka kwenye ile uliyopima. Sukari huzishika mbegu zisirukeruke na huzisaga ziwe unga laini, na harufu yake hailingani na ya iliki iliyokaa mwaka mzima kwenye kichupa.

Piga siagi na sukari kwa mwiko au mchapo kwa dakika 4 au 5, mpaka ibadilike rangi kutoka njano hadi karibu nyeupe na iwe nyepesi. Hapa usifanye haraka, kwa sababu hewa unayoiingiza ndiyo inayoifanya biskuti iwe nyororo. Tia yai, piga tena. Chekecha unga pamoja na beking pauda, chumvi na iliki, umimine wote kwa mkupuo mmoja, na uchanganye kwa wepesi mpaka usione unga mkavu. Donge linapaswa kuwa laini lisilonata vidoleni. Lifunike, liweke kwenye friji dakika 30. Kama huna friji, weka bakuli juu ya sinia lenye maji baridi, ulifunike kwa kitambaa chenye unyevu, mahali penye upepo.

Sasa tengeneza vidonge vya gramu 20 kila kimoja, ukubwa wa ndimu ndogo. Muhimu hapa ni vilingane. Kidogo kitaungua wakati kikubwa bado kibichi ndani. Vibonyeze viwe na unene wa sentimita 1, vipange kwenye trei iliyopakwa mafuta kidogo au kutandikwa karatasi ya kuokea, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Ukipenda, chora juu kwa uma, au bandika lozi, korosho au ufuta. Oka kwa nyuzi 170, dakika 12 hadi 15. Zitoe kingo zikiwa na rangi ya dhahabu na katikati bado pamepauka.

Lakini kabla ya kupanga trei, oka kinyunya.

Kinyunya kinasema nini

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mkesha wa Idi, niliona sina muda wa kinyunya. Wageni walikuwa wanakuja, jikoni palikuwa na joto, siagi ilikuwa imelegea mno, nami nikapanga trei tatu kwa mpigo. Trei ya kwanza ilipotoka, biskuti zote zilikuwa zimeungana zikawa kipande kimoja chembamba, kimeungua pembeni na kunata katikati. Paketi mbili za siagi zilikuwa humo. Nilikaa chini pale jikoni nikalia. Dakika chache za kinyunya zingeniokoa, kwa sababu dawa ya tatizo lile ilikuwa friji na vijiko viwili vya unga.

Basi kinyunya chako kikitoka, kiache kipoe dakika 10 kabla ya kukihukumu. Biskuti ya moto siku zote ni laini, hata ile ambayo baadaye itakuwa jiwe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kisha kitazame na ukisikilize.

Kimetanda sana na kingo ni nyembamba? Mafuta yameyeyuka au sukari imezidi. Rudisha donge kwenye friji nusu saa nyingine, na hakikisha trei ni ya baridi unapoipanga. Wengi hupanga mzunguko wa pili kwenye trei iliyotoka motoni, biskuti zikaanza kuyeyuka kabla hazijaingia ndani. Kikitanda tena, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, kisha kingine ikibidi. Walio kwenye miinuko kama Nairobi, mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari, wapunguze pia beking pauda kidogo, kwa sababu hewa nyepesi hufanya biskuti ifumuke haraka halafu ianguke.

Kimebaki kidonge kama ulivyokiweka, na ndani kina ladha ya unga? Unga umezidi. Tia maziwa kijiko kimoja cha chakula kwenye donge, changanya kwa upole, na ubonyeze zaidi.

Ni kigumu kama kigae? Ama kimekaa motoni mno, ama donge limekandwa kupita kiasi. La kwanza hutibika kwa kupunguza dakika 2. La pili haliondoki lote, lakini donge likipumzika kwenye friji nyuzi zake hulegea, na ukiongeza unene kidogo utapata biskuti inayolika.

Kinavunjika ukikishika? Kama kimeshapoa na bado kinamomonyoka, kinakosa cha kukishikanisha. Kiini cha yai kimoja au kijiko cha maziwa kitatosha.

Chini kimeungua na juu ni cheupe? Donge halina kosa. Moto ndio wenye kosa. Pandisha trei ngazi moja juu katika oveni, au weka trei mbili, moja ndani ya nyingine, ili ya chini ibebe ukali wa moto. Trei nyeusi huunguza haraka kuliko zinazong'aa, kwa hiyo punguza nyuzi 10 ukizitumia.

Mwisho, kionje kwa makini. Iliki haisikiki? Bado unaweza kuongeza. Kina ladha iliyopooza ingawa kitamu? Kinakosa chumvi. Haya yote hurekebishika wakati donge bado liko bakulini, na hayarekebishiki tena trei ikishatoka.

Bila oveni

Usiache kuoka kwa sababu huna oveni. Chukua sufuria nzito, utandike mchanga mkavu uliooshwa na kuchekechwa, unene wa sentimita 2 au 3. Ifunike sufuria, uiweke kwenye jiko lenye moto wa wastani kwa dakika 20 ili mchanga ushike joto. Panga biskuti chache kwenye sahani ya bati au kibati cha keki kilicho kidogo kuliko sufuria, ukiweke juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa, upalie makaa juu.

Kanuni ya Bibi ilikuwa makaa mengi juu, machache chini. Joto la chini tayari liko kwenye mchanga, lakini juu hakuna kitu kinacholihifadhi. Mfuniko ukigongwa na tone la maji, likaruka na kukauka papo hapo, juu pana moto wa kutosha. Kwa njia hii biskuti huchukua dakika 15 hadi 20. Ukiufunua mfuniko, unyanyue taratibu na wima, jivu lisimwagikie ndani.

Na hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote: jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu wakiwa usingizini. Okea uani au barazani, na watoto wadogo wawe mbali na mfuniko wenye makaa.

Vileja, urithi wetu

Biskuti ya msingi ikishakutii, jaribu vileja. Hizi ni biskuti za unga wa mchele, samli na iliki, zinazojulikana Zanzibar, Mombasa na pwani nzima, hasa wakati wa sikukuu. Ni nyeupe, zina mipasuko juu, na zikiingia mdomoni huyeyuka zikaacha harufu ya samli.

Zamani mchele ulirowekwa, ukachujwa, ukatwangwa kwa kinu na kuchekechwa, ukaanikwa hadi ukauke. Leo unga wa mchele uliosagwa laini unapatikana madukani. Ukiona ni wa chengachenga, uchekeche kwa chekecheo la matundu madogo, ama sivyo vileja vitakwaruza meno.

Chukua unga wa mchele gramu 500, samli iliyoganda gramu 250, sukari iliyosagwa gramu 200, mayai 2 na la tatu uliweke kando, iliki kijiko kimoja cha chai, na beking pauda kijiko kimoja cha chai. Piga samli na sukari mpaka iwe nyeupe kabisa kama malai. Tia mayai moja moja. Ongeza unga kidogo kidogo. Ukiufinya mkononi ukashikana bila kuacha mafuta vidoleni, umefika. Ukimomonyoka, piga yai la tatu ulitie kijiko kwa kijiko. Tengeneza vidonge, vibonyeze kidogo tu, na juu ya kila kimoja tia tone la zafarani iliyorowekwa kwenye marashi ya waridi ya kula. Oka kwa moto mdogo, nyuzi 150 hadi 160, dakika 20 hadi 25. Usisubiri rangi, maana kileja kikipata rangi kimepitiliza. Mipasuko ya juu ndiyo dalili ya kuiva, na ukikinyanyua kimoja, chini kiwe kikavu. Viache vipoe kabisa kwenye trei, kwa kuwa unga wa mchele hauna zile nyuzi za ngano, na kileja cha moto huvunjika ukikigusa.

Kwa sababu hiyo hiyo vileja humfaa mtu ambaye mwili wake haupatani na ngano, mradi vyombo viwe safi na unga wa mchele haukusagwa pamoja na ngano. Na kinyunya hapa ni muhimu maradufu, kwa kuwa kila unga wa mchele hunywa mayai kwa namna yake.

Kutoka hapo, njia ni nyingi. Kwenye biskuti ya msingi unaweza kubadilisha theluthi ya ngano ukatia unga wa ulezi, upate rangi ya udongo na ladha nzito inayopendana na tangawizi kavu. Unaweza kutia nazi kavu iliyokunwa nusu kikombe, au kufungia ndani ya kila kidonge tende iliyotolewa kokwa na kupondwa na mdalasini, ukapunguza sukari ya donge kwa robo. Ukitumia karanga, zichague moja moja kabla ya kukaanga, na zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe. Sumukuvu haiondoki kwa joto la oveni.

Mikono ya watoto

Waite watoto. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuchekecha unga na kubandika ufuta. Wa miaka 7 anaweza kupima, kuvunja yai kwenye kikombe cha pembeni na kutengeneza vidonge. Wa miaka 12 anaweza kusimamia dakika na, ukiwa pembeni yake, kutoa trei kwa vitambaa vikavu. Kitambaa chenye maji hupitisha joto na kuunguza mkono.

Sheria moja isiwe na msamaha: hakuna kulamba donge bichi. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu, na unga mbichi pia, kwa sababu haujapikwa popote tangu ulipokuwa shambani. Mtoto apewe haki yake kwenye kinyunya, ambacho kimeiva. Walio chini ya miaka 5 wasipewe biskuti zenye karanga au korosho nzima, wanaweza kupaliwa. Na asali isimguse kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ikiwa imeokwa.

Kuzitunza

Biskuti zikitoka, ziache kwenye trei dakika 5, kisha zihamishie kwenye wavu au ungo, hewa ipite chini yake. Zisiingie kwenye mkebe zikiwa na joto hata kidogo. Mvuke wake utageuka maji na kuzilegeza zote. Zikipoa, tumia mkebe wa bati au chupa yenye mfuniko unaokaza, na utandike karatasi kati ya safu na safu. Zenye tende zikae peke yake, kwa sababu unyevu wake huhamia kwa zilizo kavu. Hivyo zitadumu wiki mbili.

Hewa ya pwani ina unyevu, na sukari huuvuta. Biskuti zikilegea usizitupe. Zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, uziache zipoe, na zitalia tena ukizivunja. Donge nalo hukaa kwenye friji siku tatu likiwa limefungwa vizuri, kwa hiyo unaweza kulichanganya Jumamosi usiku na kuoka Jumapili chai ikichemka.

Nakushauri pia uwe na daftari la jikoni. Andika tarehe, kipimo, aina ya siagi, moto na dakika, na zaidi ya yote andika kinyunya kilisema nini. Oveni yako haifanani na yangu, wala unga wa duka lako na wa duka langu. Baada ya kuoka mara tano, daftari hilo litakuwa na maarifa ambayo hakuna mwandishi anayeweza kukupa.

Langu sasa linaandikwa na binti yangu. Idi iliyopita nilikuwa nimeinama kwenye kabati nikitafuta trei ya pili, yeye akasimama mbele ya oveni na sahani mkononi. Alikitoa kinyunya, akakiacha, akahesabu dakika zake kwa sauti. Kisha akakivunja katikati, akakitazama ndani kwa utulivu ambao nimeujua tangu utotoni, akaonja, akampa mdogo wake nusu.

"Mama," alisema, "bado chumvi kidogo."

Nilionja. Ilikuwa kweli. Tukaongeza chumvi, ndipo tukapanga trei.